Mwalimu Kokugonza na Ng'ombe wa Kishikwambi

Mwalimu Immaculata Kokugonza hajawahi kuingia mahali kwa kunyata. Hata kanisani, misa ikiwa imeshaanza, anapita katikati na mwavuli wake wa kijani mpaka benchi la mbele, na padri mwenyewe anasubiri akae. Amefundisha darasa la pili kwa miaka ishirini na sita katika kata ya Isingiro, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema "nadhani". Yeye husema "najua", kisha anaendelea na safari yake.

Wenzake humtania kwamba siku akifika mbinguni atamwomba Mtakatifu Petro daftari alisahihishe. Yeye huwajibu bila kucheka: kama daftari lina makosa, wanataka afanyeje?

Basi vishikwambi vilipoletwa shuleni, vile vile vilivyotumika kwenye sensa, walimu wengi walivifungia kabatini kama sahani za wageni. Mmoja alikipeleka chake nyumbani kuangalia mpira. Kokugonza alikwenda kwenye mafunzo ya siku mbili, akarudi na mchezo mmoja ambao vijana waliomfundisha walikuwa wamemwekea ndani ya kishikwambi chake. Mchezo unaitwa Zizi Langu. Wiki ile ile akazunguka kwa walimu wenzake mmoja mmoja, akavikomboa vishikwambi vinne kutoka kabatini, akavichaji ofisini, akaviingiza darasani kwenye beseni la plastiki, vimefunikwa kitenge kama maandazi ya moto.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Kila mtoto ana jina lake na zizi lake humo ndani. Anaulizwa maswali ya kujumlisha na kutoa, yenye picha za mikungu ya ndizi na debe za kahawa. Akipata majibu matano sahihi, ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu anatoka upande wa kulia, anatembea kwa maringo mpaka ndani ya zizi, na hatoki tena mpaka atumwe malishoni. Mwisho wa zamu mlango wa zizi unafungwa na mchezo unauliza: una ng'ombe wangapi? Mtoto anawahesabu kwa kuwagusa, anaandika idadi. Akipatia, anapanda ngazi. Akikosea, anaanza tena ngazi ile ile, ila ng'ombe wake habanduki.

Darasa lilikuwa na watoto sabini na mmoja. Kila mtoto alipata zamu mbili kwa wiki, na siku ya zamu hakuna aliyeumwa tumbo, hakuna aliyetumwa gulioni. Kokugonza aliona kwa macho yake mambo ambayo chaki ilikuwa imemnyima kwa miaka mingi. Watoto waliokuwa wakikosea jibu moja wanafunika uso na kulia, sasa walikuwa wanakosea, wanasonya kidogo, wanajaribu tena. Waliozoea kupayuka jibu kabla ya swali kwisha walijifunza kunyamaza na kufikiri, kwa sababu ng'ombe haji kwa kupayuka. Kufika mwezi wa nane watoto ishirini waliokuwa wanahesabu kwa vidole vya miguu walikuwa wanahesabu kichwani.

Alipoyasimulia hayo kwenye kikao cha walimu, alisimama.

"Mashine haidanganyi," alisema. "Haimjui mtoto wa mwenyekiti wala mtoto wa kibarua. Inasema ilichokiona. Kuanzia sasa, mkitaka kujua akili ya mtoto wa darasa la pili imefika wapi, njooni mwangalie ngazi yake."

Mwalimu mkuu, Mwalimu Protase, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alikuna kidevu. Yeye alijifunza hesabu kwa vijiti vya mtama na haoni alipungukiwa nini. Lakini kubishana na Kokugonza ni kazi inayotaka chai kwanza, na siku hiyo chai ilikuwa imechelewa. Akakubali.

Mwezi wa kumi na moja ukafika wakati wa kuandika orodha ya watoto wasiomudu kusoma, kuandika na kuhesabu, wale ambao wangekariri darasa. Kokugonza alifungua kishikwambi, akashusha kidole kwenye ngazi za watoto. Wa ngazi ya tisa, wa ngazi ya saba, wa ngazi ya tano. Chini kabisa, peke yake, alikuwa Dusabe. Ngazi ya kwanza. Alikuwa ngazi ya kwanza tangu mwezi wa saba.

Dusabe alikuwa binti mkimya wa miaka tisa, anayekaa dawati la tatu karibu na dirisha. Alikuwa anasoma darasa la pili kwa mara ya pili, maana mwaka uliotangulia aliugua malaria akakosa mitihani. Kusoma anasoma vizuri. Kuandika anaandika. Hesabu ndiyo hiyo. Kokugonza alimsikitikia, lakini aliandika jina lake kwenye orodha kwa mwandiko wake ule ule ulionyooka.

Sasa, mwalimu huyu ana utaratibu wake mmoja ambao hajauvunja hata mwaka mmoja. Hapeleki jina la mtoto kwa mwalimu mkuu kabla hajakwenda kumwambia mzazi kwao, uso kwa uso. Akatia kishikwambi kwenye mfuko, akachukua mwavuli, akashika njia ya migombani kwenda kwa kina Dusabe.

Baba yake, Mbonimpa, ni kibarua wa mashamba ya watu, na pembeni ya nyumba ana kibanja kidogo cha ndizi na kahawa. Alimkuta anageuza kahawa kwenye mkeka kwa reki. Mama yake Mbonimpa, Bibi Uwizeye, alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua maharage.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwalimu! Shikamoo," Mbonimpa alisema, akaweka reki chini.

"Marahaba. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Dusabe alitoka ndani mbio, akampokea mwalimu mwavuli, akapiga goti kumsalimu, kisha akasimama nyuma ya bibi yake. Kokugonza hakuzunguka mbuyu. Alisema alichojia: mtoto hajamudu kuhesabu, jina lake limo kwenye orodha, mwakani atabaki darasa la pili.

Mbonimpa alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Akipanda darasa, na asome mpaka vitabu viwaishie. Lakini mwaka wa tatu kwenye darasa moja, hapana. Dada yangu ana mgahawa Murongo, pale madereva wa malori wanapongoja karatasi zao za forodha. Anatafuta msichana wa kuosha vyombo. Mwezi wa kwanza ataenda."

Alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza mwalimu kuliko kama angefoka. Angefoka, Kokugonza angejua la kujibu. Alimtazama mtoto. Dusabe alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Ngoja nikuonyeshe, usije ukafikiri namwonea," Kokugonza alisema. Akatoa kishikwambi, akafungua zizi la Dusabe, akampa. "Cheza, mwanangu, baba aone."

Dusabe akakaa chini, akaanza. Debe tisa za kahawa, ondoa nne. Mikungu saba, ongeza sita. Hakuhesabu kwa vidole, hakusita. Alijibu kama anayepepeta mchele. Majibu matano, ng'ombe. Majibu matano mengine, ng'ombe. Kokugonza akainamisha kichwa kuangalia vizuri. Darasani huwa ana vishikwambi vingine vinne vya kusimamia na watoto sitini na kitu wa kunyamazisha, na ilimjia sasa kwamba hajawahi hata siku moja kukaa na mtoto huyu zamu nzima.

Halafu akaona zizi lenyewe. Lilikuwa limejaa pomoni. Watoto wa ngazi ya tisa hawakuwa na ng'ombe kama wale.

Bibi Uwizeye naye alikuwa amesogea na ungo wake. "Hee! Wazuri hao. Wa nani?"

"Wangu, bibi."

"Wote?"

"Wote."

Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika kabisa, kama mtu aliyepewa habari ya mahari nzuri. Mlango wa zizi ukafungwa. Swali likatokea: una ng'ombe wangapi? Dusabe akaweka mikono yote miwili mapajani.

"Haya," Kokugonza alisema. "Waguse mmoja mmoja, hesabu."

Dusabe alimwangalia bibi yake. Kisha, haraka, akaandika sifuri. Kishikwambi kikalia: umekosea, anza tena.

"Unaona, Mbonimpa? Kila siku ni hivi hivi. Dusabe, rudia. Weka kidole kwa huyu wa kwanza, useme moja."

Bibi Uwizeye akaweka kiganja chake juu ya kioo, akawafunika ng'ombe wote.

"Mwalimu, usimfanyishe mtoto hivyo."

"Hivyo vipi, bibi?"

"Ng'ombe wake mwenyewe, wazima, wamelala zizini, unataka awanyooshee kidole mmoja mmoja? Anawaaga?" Alikigeuza kishikwambi, akakitazama mgongoni. "Na kidude hiki nakijua. Ndicho alichokuja nacho yule kijana wa sensa. Akataka nimtajie nimezaa wangapi. Nikamwambia, andika unavyoona inafaa."

"Mama," Mbonimpa alisema taratibu.

"Niache niseme. Nikiwa mdogo kama huyu, ng'ambo kule, walikuja watu wakamhesabisha baba ng'ombe wake, kwa sauti, mbele ya kijiji. Akahesabu mpaka wa mwisho. Mwezi haukwisha, tukavuka mto bila hata ndama. Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Mtoto huyu nimemfundisha mimi."

Kokugonza alikaa kimya, na watu wa Isingiro watakwambia hiyo siyo habari ndogo.

Hakuwa anashangaa mila ya watu wengine. Hapo ndipo penye uchungu. Yeye ni Mnyambo, mwenyeji wa hapo hapo, amezaliwa kwenye nyumba yenye ng'ombe, na baba yake alipoulizwa na mgeni ana ng'ombe wangapi alikuwa anaanza kuzungumzia majani yalivyo mwaka huo. Yeye mwenyewe aliwahi kuchapwa kofi mkononi kwa kuwanyooshea ndama kidole. Alilijua jambo hili kabla hajajua kusoma. Na muhula mzima alikuwa amemkalisha mtoto wa watu mbele ya ng'ombe wake, akamwambia awahesabu, na mtoto alipokataa kwa adabu, yeye akamwita mzito. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Dusabe," alisema, na sauti yake haikuwa ya darasani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema mashine haidanganyi, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Mbonimpa alirudi kwenye reki yake, akageuza kahawa ambayo alikuwa ameshaigeuza.

"Mbonimpa," Kokugonza alisema akiinuka, "mwambie dada yako atafute msichana mwingine."

"Umefuta jina?"

"Bado. Lakini najua nitakachofanya." Na hapo akajisikia mtu tena.

Dusabe alimsindikiza mpaka barabarani, amebeba mwavuli. Njiani Kokugonza alimuuliza, kama anavyouliza mtu wa ng'ombe, habari za zizi. Mtoto akafunguka kama aliyekuwa anangoja kuulizwa tangu mwezi wa saba. Kulikuwa na Bihogo, yule mwekundu wa kukolea aliyekuja wa kwanza. Kulikuwa na Gaju, wa rangi ya udongo wa matofali, pembe moja imeinama. Kulikuwa na Sine wawili, wa kijivu, mmoja ana doa begani. Aliwataja wote mpaka wakafika barabarani, bila kumrudia hata mmoja, na bila kusema namba yoyote. Kokugonza alikuwa anahesabu kimoyomoyo, akitubu huku anahesabu, na walikuwa arobaini na watatu.

Asubuhi yake alimwingiza Dusabe ofisini kwa mwalimu mkuu. Orodha ilikuwa mezani, na saa sita ilitakiwa kwa afisa elimu kata. Kokugonza alieleza kila kitu, na hakujitetea. Mwalimu Protase alisikiliza akiwa amevua miwani.

"Mwalimu," alisema, "wewe ndiye uliyesimama kwenye kikao ukatuambia tuangalie ngazi."

"Ni mimi."

"Na ngazi inasema moja."

"Mashine ilisema ilichokiona. Mimi ndiye niliyeangalia ngazi nikaacha kuangalia zizi. Mashine ina kosa dogo, mwalimu mkuu. Kosa kubwa ni langu."

Protase aliivaa tena miwani ili amwone vizuri mwanamke aliyesema maneno hayo. Katika miaka yote ile ishirini na sita, hakuwahi kuyasikia.

"Sawa," alisema. "Lakini siwezi kuandika kwa afisa kwamba mtoto anapanda darasa kwa sababu bibi yake anasimulia vizuri. Nionyeshe."

Kokugonza alimpa kishikwambi. Kwenye mchezo ule kuna kitufe cha kumpeleka ng'ombe malishoni. Ukimgusa, anatoka zizini mpaka utakapomrudisha. Akamwomba amtoe mmoja yeyote, mtoto asione. Mwalimu mkuu akageukia ukutani, akatumia muda mrefu, akiwahesabu kimoyomoyo, akitoa sauti za mtu anayetafuta sindano. Kisha akamkabidhi Dusabe.

Mtoto aliangalia mara moja tu. "Gaju hayupo."

Protase akakaa. Alikuwa amemchagua yule wa rangi ya matofali katikati ya kundi kwa makusudi, kwa kuwa kulikuwa na wengine watano wanaofanana naye.

"Kumbukumbu anayo," alikubali. "Tena kubwa. Lakini inayopimwa ni kuhesabu. Ahesabu."

"Hatawahesabu," alisema Kokugonza. "Muulize kitu kingine chochote cha zizi hilo. Usimuulize ng'ombe."

Mwalimu mkuu alifikiri. Na yeye kwao walifuga. Alipozungumza, alizungumza kama mchungaji aliyekaa kisimani.

"Binti, kiangazi kimekuja. Kila mmoja wao anataka ndoo mbili za maji. Tuchote ndoo ngapi?"

Dusabe alitazama juu, kwenye mabati. Midomo yake ilicheza kidogo. Kokugonza alijikaza asimsaidie hata kwa nyusi.

"Themanini na sita."

Kokugonza akashusha pumzi. Lakini Protase akanyoosha kidole juu, uso umechangamka, kwa sababu hakuna mwalimu asiyependa kukamata kosa.

"Themanini na nne! Umesahau, mmoja nimemtoa!"

Mtoto alimwangalia kwa mshangao, lakini kwa heshima.

"Gaju atarudi jioni, mwalimu. Atakuta wenzake wamemaliza maji?"

Nje darasa la nne walikuwa wanaimba jedwali la saba. Mwalimu Protase aliichukua orodha, akatafuta jina, akalipiga mstari mmoja, kisha wa pili, kisha akaweka sahihi pembeni ili asiulizwe. Kokugonza aligeukia dirishani akajifanya anaangalia kama mvua inakuja, maana machozi yalikuwa yameshafika na yeye si mtu wa kulia mbele ya mwalimu mkuu. Mvua haikuwa inakuja. Alifurahi, na alijua tayari atakachowaandikia wale vijana wa mafunzo: waweke ndoo, waweke kamba, waweke chochote, lakini ng'ombe wa mtoto wamwachie mwenyewe.

"Umesikia, Dusabe?" Protase alisema. "Mwezi wa kwanza, darasa la tatu. Kamwambie baba yako."

"Nimesikia. Asante, mwalimu."

Lakini hakuondoka. Alibaki amesimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Kuna nini tena?"

"Gaju, mwalimu. Bado uko naye."

Mwalimu mkuu alishtuka, akavuta kishikwambi, akagusa hapa, akagusa pale. Kikalia. Akafungua kalenda, akafungua kamera, akajiona pua yake. Kokugonza alimwacha ahangaike. Dusabe naye alivumilia mpaka ikaonekana wazi kwamba mzee hamuwezi ng'ombe, ndipo akazunguka meza, akasema "samahani", akakichukua kwa mikono miwili. Aligusa mara mbili tu. Gaju akatokea upande wa kulia na pembe yake iliyoinama, akatembea kwa maringo yake mpaka ndani, na mtoto akatupa jicho zizini kutoka ukingo hadi ukingo.

"Wametimia," alisema. Akamrudishia mwalimu mkuu kishikwambi, akakimbia kwenda darasani.